Matuta Yasiyo na Majina

Kila siku baada ya shule Mbapeua aliosha vyombo, akafagia, kisha akachukua baiskeli yake na kumfuata binamu yake Tjeripo nyuma ya makaburi ya Swakopmund. Pale jangwa linapoanzia palikuwa na matuta ya mchanga, mengi hata macho yachoke. Ukija kwa kasi, baiskeli inaruka. Tjeripo aliruka matatu kwa mpigo. Mbapeua, msichana wa miaka kumi na miwili, aliweza mawili tu, na binamu yake alimcheka kwamba anaendesha kama bibi harusi. Walikuwa wamehamia pwani Januari ile, na hakuna aliyewaambia matuta yale ni nini.

Jumamosi moja bibi yao, Kauzuu, aliwasili na basi la wazee kutoka Okakarara, amevaa gauni lake pana na kilemba chenye pembe mbili. Alisema yeye na wazee wenzake wamekuja kuwaamkia watu wao, na wajukuu wamsindikize. Njiani akawategea kitendawili: kijiji changu kina watu maelfu, hakifuki moshi. Tjeripo akajibu kichuguu. Mbapeua akasema bahari na samaki wake. Bibi akasema wameshindwa, jibu wataliona kwa macho.

Wakayapita makaburi ya marumaru yenye maua, wakatokea upande wa pili. Mbapeua akayatambua matuta yao ya kurukia baiskeli.

"Hiki ndicho kijiji," Bibi akasema.

Akawasimulia polepole. Zaidi ya miaka mia iliyopita Wajerumani waliwafungia hapa Waherero, mababu zao, wafugaji waliozoea maziwa na jua la bara, katika baridi na ukungu huu. Waligawiwa mchele wasioujua, bila chungu cha kuupikia. Wanawake walivutishwa mabehewa kama maksai. Aliyeanguka alifukiwa mchangani bila jina. Kauzuu mwenyewe, mama wa bibi yake alikuwa humo, lakini tuta lake halijulikani.

Ndipo wazee wakaona alama za tairi. Tuta moja lilikuwa limepasuka katikati, na mfupa umechungulia, mwembamba kama wa mkono wa mtoto wa darasa la pili. Bibi akavua mtandio wake akaufunika.

Mzee mmoja akanung'unika kwamba ni watalii na mapikipiki yao. Tjeripo akadakia kwamba ndiyo, amewaona, huku akimkanyaga Mbapeua mguu.

Ilikuwa desturi yao kwamba kabla ya kugusa kaburi, mtu hupiga magoti akawaambia wafu yeye ni nani na katoka tumbo gani. Wazee wakajitaja mmoja mmoja. Zamu ya Mbapeua ikafika. Akipiga kimya, watalii watabeba lawama na Bibi ataendelea kumpenda. Akautazama mtandio.

"Mimi ni Mbapeua, mtoto wa Kaitjirokere," akasema. "Ni mimi niliyepita juu yenu na baiskeli."

Upepo ukavuma. Baadaye Tjeripo naye akapiga magoti, akasema hakuona watalii wowote, ni yeye pia aliyeruka hapo.

Bibi hakuwakumbatia. Aliwaonyesha namna ya kukusanya mchanga kwa viganja na kuupapasa taratibu, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Walifanya hivyo hadi alasiri, kucha zikauma. Mfupa ule Mbapeua aliufukia mwenyewe, akilia bila kujificha.

Walipomaliza, Bibi akaketi mchangani katikati yao.

"Nimekasirika, wajukuu zangu, na kesho nitaamka nimekasirika," akasema. "Lakini mlikosea bila kujua, na kosa la namna hiyo tumelitengeneza leo kwa mikono. Mngemsingizia mtu mwingine mbele ya wafu hawa, hilo lingewakalia moyoni hadi muwe wazee kama mimi. Hawa walinyang'anywa kila kitu. Tusiwanyime ukweli. Jumatatu mwambieni kila mtoto mwenye baiskeli ni akina nani wanaolala hapa."