Sandwichi ya Ketaki na Ulimi wa Bhavin

"Mama, usile! Hicho ni kiazi!"

Bhavin aliipokonya ile sandwichi ikiwa imebaki inchi moja kufika mdomoni mwa mama yake. Yake mwenyewe alishaifyeka nusu.

Ketaki akaganda pale jikoni, kibanio cha chuma cha kuchomea sandwichi mkononi, mvuke unamfuka usoni.

Bi Kokila, mama mkwe mtarajiwa, ni Mjaini wa kweli kweli. Kwa dini yake, kinachochimbwa ardhini hakipiti kooni: kiazi, kitunguu, saumu, hapana. Na alishatangaza kwa simu:

"Ketaki, nakuja kwenu Mulund kula kabla jua halijazama, maana likizama sili. Nikikuta hata harufu ya kitunguu, posa imekufa."

Na kina Ketaki ni watu wa samaki na vitunguu tangu enzi na enzi!

"Bhavin, hata kuniuliza kwanza?" Ketaki alilalamika.

"Nikuulize nini, mpenzi? Laini, kinanata menoni, kimekunywa siagi… Kiazi nakijua mimi!"

Bi Kokila alikitazama kile chuma.

"Hicho mnabania na samaki?"

"Hapana, mama. Cha nyumbani nimekificha, kimeshalewa vitunguu. Hiki nimekinunua jana, kwa ajili yako."

"Na chatne? Umetia tangawizi?"

"Sijaweka. Tangawizi mbichi nayo inachimbwa."

Bi Kokila akamnyang'anya Bhavin ile sandwichi aliyompokonya. Akaifunua taratibu kama anayefunua shela ya bi harusi. Chatne ya kijani, nyanya, tango, na kile cheupe kilichopondwa. Akanusa. Akaifunika. Akang'ata.

Kraaap!

Bhavin akafumba macho. Ketaki akaacha kupumua.

Mama akatafuna. Akatafuna tena, mwanamke hana haraka.

"Ndizi mbichi," akasema. "Imechemshwa na ganda lake, ikapondwa na bizari nyembamba na ndimu. Mara ya mwisho kula iliyokolea hivi, mama yangu alikuwa hai."

Ketaki machozi yakamtoka, tabasamu nalo halikungoja zamu yake.

Kisha Bi Kokila akageuka. Polepole.

"Bhavin, mwanangu. Mimi nimezeeka sijui ladha ya kiazi. Wewe mmejuana nacho wapi?"

Chatne ikamdondokea Bhavin shatini.

"Mama… ni vile vya kukaanga, ndani ya mkate… pale stesheni. Marafiki walinishawishi."

"Mara moja?"

"Mara moja tu, mama… kwa siku."

Ketaki akacheka hadi akashika ukuta. Bhavin akamsogelea, akanong'ona:

"Nisamehe, mpenzi. Nimekuaibisha bure."

"Nitakusamehe siku ya harusi. Leo kula tango."

"Ketaki, mwanangu," Bi Kokila aliita, "jua bado lipo. Nibanie nyingine, uikaushe kingo kama hii."

Halafu akachukua simu, akamrekodia mumewe ujumbe, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani:

"Baba Bhavin, waite wazee wapange siku. Mkwe nimempata, wetu kabisa. Wa kufundwa ni huyu mtoto wako."