Mkono Usiolingana

Kaka yangu Hénock alikuwa fundi wa kupaka magari rangi, huku Manika, Kolwezi. Hakuwa na mashine ya kupima rangi. Alitumia macho. Alichanganya makopo yake, akapaka kidogo kwenye kipande cha bati, akakiinua juani, akasema "Bado," au akasema "Ni yenyewe." Mimi nilikuwa nauza bukari, ugali wetu, na maharagwe pembeni ya karakana yake, kwa hiyo haya niliyaona.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, Mama Domitille alileta gari lake la kijivu. Tulimfahamu, alikuwa na duka la vitenge sokoni. Pare-chocs, yaani bampa, ya mbele ilikuwa imepasuka na fundi mwingine alikuwa ameshaiziba. Ilibaki rangi tu.

"Tuligonga mbuzi ku barabara ya Fungurume," alisema. Hakuna aliyemuuliza.

Hénock akachanganya kijivu. Juani kilikuwa kile kile. Akapaka. Ilipokauka, pare-chocs yote ilikubali isipokuwa mahali pamoja, ukubwa wa kiganja. Pale palikuwa kahawia.

Akapiga msasa, akapaka tena. Jumatano kahawia ikarudi. Alhamisi akakwangua mpaka plastiki yenyewe, nyeusi, nikaiona. Akapaka mara tatu. Saa sita mchana kahawia ikatoka tena, safari hii na vidole vitano.

Nikagusa. Gari lilikuwa kivulini tangu asubuhi. Pale palikuwa na joto, kama paji la uso la mtu mwenye homa.

Mama Domitille alipokuja, Hénock hakumsalimia. Alimwonyesha tu. Mama yule akatazama sana, kisha akanong'ona.

"Haikukuwa mbuzi, tata. Ilikuwa mutu. Bwana yangu njo alikuwa anaendesha."

"Mulisimama?"

"Hapana."

"Alikuwa angali muzima?"

"Alikuwa anaita."

Mama Domitille alipokwenda kukaa kwenye benchi, nilimsogelea kaka yangu mkubwa. "Yaya, acha hii kazi. Batu ya kwabo banamutafuta."

"Mi niko fundi ya rangi, Angèle. Hapana juge ya kukata kesi."

Sidhani alikuwa mtu mbaya. Hakuna rangi iliyowahi kumshinda, na hii ilimshinda siku tatu mbele ya watu. Akavua glavu. Akalaza kiganja chake cha kulia juu ya alama ile, kidole kwa kidole, kama anayeipima. Alikaa hivyo kitambo. Alipoondoa mkono, alama haikuwepo.

Akapaka. Ikalingana. Ijumaa gari likaondoka.

Jumapili, kanisani, kitabu cha nyimbo kilimdondoka. Akakiokota. Kikadondoka tena. Jumatatu aliegemea jiko langu la makaa, na mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi inayoungua. Yeye hakusikia maumivu. Muuguzi alimchoma sindano kila kidole, akaandika kwenye kadi.

Halafu rangi ikabadilika. Hénock ni mweusi sana, kama baba yetu. Mkono ule ulififia siku kwa siku mpaka ukawa kahawia. Uliishia kwenye kifundo, kwa mstari ulionyooka, kama umewekewa utepe wa skochi kabla ya kupaka.

Mwezi wa nane akaja mama mmoja kutoka Mutoshi, Mama Ndaya. Alikuwa anapita karakana hadi karakana na picha ya mwanawe Stany, mchimbaji wa shaba, aliyetoka mwezi wa tano kwenda Fungurume asirudi. Aliuliza kama tumeona gari lililogonga mtu.

"Hapana, mama," alisema Hénock. Akampa mkono wa kwaheri.

Mama Ndaya hakuuachia.

Aliugeuza. Akautazama ukucha wa kidole gumba, uliopasuka katikati. Nami nikautazama. Hénock hajawahi kupasuka ukucha.

"Nyundo ilimupiga hapa," alisema mama yule. Hakulia. "Hii mukono ni ya mutoto yangu."

Hapo Hénock akasema yote. Tulikwenda na polisi kwenye barabara ile, tukamkuta kwenye majani marefu. Mifupa ilikuwa kamili, mikono yote miwili. Mama Ndaya alimzika Mutoshi. Domitille na mume wake walikuwa wameshahama, duka limefungwa, hakuna ajuaye walikokwenda.

Nilidhani baada ya maziko mkono ungerudi. Haukurudi. Hénock hapaki tena. Anashinda kwenye kibanda changu, mkono juu ya meza. Mama Ndaya huja siku nyingine, hukaa ameushika, kisha huenda. Ukimuuliza kaka yangu, anajibu, "Hapana sikia kitu." Mimi pia, siku hizi vidole nilivyogusia alama ile havisikii sana.

Jana jioni nilikata kucha za mkono ule, nikausugua kwa sabuni na brashi mpaka ukawa safi. Hénock alilala chumba cha ndani, nikafunga mlango, ufunguo ninao mimi.

Asubuhi nimemkuta bado amelala. Chini ya kucha zile tano kulikuwa na udongo. Mbichi, wa kijani, ule wa ndani kabisa ya mashimo ya shaba.