Gari Lililocheka Kama Mama Pacha

Rudishia kwanza huo mlango. Sasa weka mkono kifuani useme: nikilitoa neno hili nje, ulimi wangu ukauke. Sema kwa sauti. Kiapo cha kunong'ona huwa kina mlango wa nyuma, nakijua, nimekitumia sana. Haya. Mdomo wako hauna kifuniko mwanangu, umerithi kwa shangazi yako. Ila hili hata mimi nimelikalia siku nne, na unanijua, jambo likinilala tumboni siku mbili naanza kutafuta dawa.

Kulikuwa na fundi magari tukimwita Sikio. Mrefu, grisi mpaka kwenye kope. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuwa akiliangalia gari, alikuwa akilisikiliza. Anachukua bisibisi yake ndefu, ncha anaigandamiza kwenye injini inayounguruma, mpini anautia sikioni, anafumba macho. Kisha anakwambia, "Pistoni ya tatu ina mafua." Mnafungua, mnaikuta inaumwa kweli.

Kasoro yake ilikuwa moja. Akiifungua injini na kuifunga tena, lazima nati moja imbakie mkononi. Wenzake wakawa wanamtania, "Sikio, leo umebakiza ngapi?" Naye anaitumbukiza mfukoni huku akisema, "Gari likipona, nati ni zawadi ya fundi." Tulicheka sana na hiyo. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mkewe ni mama pacha. Watoto wenyewe walikuwa wanakaa kwa bibi yao kwa ajili ya shule. Sasa kicheko cha huyo mwanamke ndicho uelewe vizuri. Kinaanza kwa kukohoa mara tatu, kho, kho, kho, kama mtu aliyepaliwa na chai. Kinanyamaza kidogo. Halafu kinapasuka, sufuria za jirani zinaitikia. Ukipita nje unajua tu mama pacha yupo.

Basi jioni moja, jua linazama, Sikio akapita nyumbani mbio. Alikuja kuchukua tambara.

Tambara tu.

Fundi hafanyi kazi bila tambara, na matambara yanatoka wapi kama si kwenye makabati yetu? Mkewe alikuwa jikoni anacheka na jirani. Sikio hakumuuliza. Akaingiza mkono kwenye kapu la nguo chafu, akavuta blauzi ya kijani, ile iliyokatika kifungo, bado ina jasho la mchana. Akaikunja kwapani, huyo, akaondoka.

Alikuwa anaenda kwa mzee mmoja anayeishi peke yake, kwenye nyumba yenye banda kubwa kuliko nyumba yenyewe. Tulimwita Bwana Glavu, maana hakuwahi kushika kitu bila glavu nyeupe za kitambaa. Humo bandani alikuwa na magari ya zamani kumi na mawili. Yale yenye taa za duara kama macho ya chura, usukani mwembamba kama bangili, viti vya ngozi vinavyolia ukikaa. Hauzi. Hakodishi kwa maharusi. Kila Jumamosi jioni anatoa moja, analiendesha mwenyewe taratibu, anarudi. Na hakuna aliyewahi kuyaona yamekwama barabarani, hata siku moja. Mafundi wote walikuwa wanaumia roho kutaka kujua siri.

Alipomwita Sikio alimpa sharti moja. "Njoo na tambara lako kutoka nyumbani. La mke ndilo laini. Ya dukani yanachubua rangi."

Sikio akaona mzee anajua magari.

Alipoingia bandani, kumi na moja yalikuwa yamefunikwa mashuka meupe, yamepangwa mistari miwili kama vitanda vya wodi. Harufu ya petroli. Harufu ya ngozi. Na chini yake harufu nyingine, nzito... ile unayoikuta asubuhi kwenye chumba walimolala watu wengi na dirisha limefungwa.

Akapapasa boneti moja juu ya shuka. Ilikuwa ya moto. Si moto wa injini. Moto wa paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Umeliendesha leo, mzee?"

"Sijaliendesha tangu mwezi uliopita." Bwana Glavu akapita katikati ya mashuka, akiyagusa moja moja kama anaamsha watoto. "Hili la fundi rangi. Hili la fundi umeme. Hili la mshona viti." Akafika la mwisho, lililokuwa wazi, la rangi ya maziwa, vumbi mpaka kwenye vioo. "Hili halijawaka miaka ishirini. Hili litakuwa lako."

Fundi akiambiwa gari ni lake, anavimba kichwa. Sikio akavua shati.

Akaanza na kabureta. Ukiitoa kabureta, injini inabaki na mdomo wazi, na fundi mwenye akili anauziba kwa tambara, nati isije ikadumbukia ndani. Akauziba kwa mkono wa ile blauzi. Akasafisha, akapuliza, akakaza. Bwana Glavu amesimama nyuma yake muda wote, anapumua tu. Alipomaliza Sikio akaivuta blauzi bila kuangalia, akaitupa kando, akarudisha kabureta mahali pake.

Nati moja ikabaki kwenye kiganja.

"Imebaki?" Bwana Glavu akauliza, sauti ndogo.

"Kawaida yangu, mzee. Gari likipona..."

"Washa."

Akawasha.

Kho.

Kho.

Kho.

Likanyamaza. Sikio akasikia nywele za shingoni zinasimama moja moja, hajui kwa nini. Halafu likapasuka, likaunguruma mpaka makopo ya rangi yakatetemeka kwenye rafu.

Akacheka kuondoa hofu. "Hata linacheka kama mke wangu."

"Najua."

"Unamjua mke wangu, mzee?"

"Sasa ndiyo namjua," akasema Bwana Glavu, akafungua mlango wa gari, akaketi nyuma ya usukani, akauvuta mlango. Akaushika usukani kwa mikono miwili, taratibu, kama anamshika mtu asiamke.

Sikio alifika nyumbani akakuta moshi. Mboga imeungua, imeshika sufuria. Mama pacha yuko sakafuni, mgongo ukutani, mkono wa kushoto unaning'inia kama soksi iliyoanikwa.

"Mama pacha, una nini?"

"Mtu amenikalia."

"Nani?"

"Sijamwona. Mzito. Amenikalia, halafu kama amefunga mlango, puu, masikio yakaziba. Akanishika shingo." Akainua mkono wa kulia kujipapasa. "Mikono laini. Kama ya kitambaa."

Sikio akamgusa kifuani. Pa moto. Akamsogeza amlaze, akasikia ndani ya kifua kitu kidogo kinagonga. Kokro. Akamgeuza. Kokro. Kitu kimelegea, hakina mahali pa kukaa.

Akajaribu kumchekesha, maskini. Alijua namna ya kumchekesha. Mama pacha akakohoa mara tatu, akafungua mdomo, na hakikutoka kicheko. Ilitoka harufu ya petroli.

Hospitali wakampima damu, wakampiga picha, wakasema mama huyu mzima, mpeni matunda. Matunda! Mkono umekufa, wao wanasema matunda.

Ikafika Jumamosi. Saa kumi na moja jioni, mama pacha aliyekuwa amelala akaketi wima. Mgongo umenyooka, macho mbele, hayapepesi. Midomo ikaanza kutetemeka. Rrrrrr. Sikio akamwita, hasikii. Akasikia kitu kingine, kwa mbali, kule barabarani. Gari. Likipanda kilima na kulia kwa uzito, mkewe naye analia kooni kwa uzito. Likibadili gia, kichwa chake kinaruka. Likipiga honi...

Sitakwambia alifanya nini lilipopiga honi. Sikio alikimbia nje, akatapika, akarudi kuchukua bisibisi yake.

Alikuta ndiyo kwanza gari limeingizwa bandani, injini bado inaunguruma, Bwana Glavu anafuta vioo. Sikio hakusalimia. Akainua boneti, akagandamiza ncha ya bisibisi, akatia mpini sikioni. Akafumba macho.

Kwanza pistoni. Kisha mkanda. Kisha, chini kabisa, sauti ndogo.

"Baba pacha... mbona giza hivi? Mkono wangu umekwama. Vuta."

Akayumba mpaka gari la pili, lililozimwa, akaligandamiza bisibisi juu ya shuka. Humo sauti ya kikongwe ikamuuliza, "Mwanangu, ni wewe? Umemaliza kupaka rangi?"

Akaitupa bisibisi.

"Umesikia," alisema Bwana Glavu, akiendelea kufuta kioo. "Wengine huchukua mwaka. Una sikio kweli."

"Umemfanyaje mke wangu?"

"Mimi?" Akaenda kwenye kabati, akatoa blauzi ya kijani, imefuliwa, imepigwa pasi. Ilikuwa na mkono mmoja. Wa kushoto ulikuwa umechanika begani. "Mimi nilikuomba tambara. Aliyemleta ni wewe. Aliyemtia mdomoni mwa injini ni wewe, na aliyemsahau humo ni wewe. Mimi niliwasha tu."

"Nitakuua, mzee."

"Niue. Nani atayawasha haya kila Jumamosi? Gari la zamani likisimama sana linakufa. Hilo wewe fundi unalijua kuliko mimi." Akakunja ile blauzi vizuri, pindo kwa pindo. "Nilikuwa na mafundi wa mshahara. Waliniibia spea, wakanifungia vya bandia. Fundi ambaye mkewe au mama yake yumo ndani haibi. Anakuja alfajiri, anafuta, anapaka mafuta, hachoki, hadai. Magari kumi na mawili, na hakuna linaloharibika. Mlikuwa mnajiuliza siri, si ndiyo?"

Sikio akashika spana. "Natoa hicho kitambaa sasa hivi."

"Toa. Hakijatulia mdomoni tu, kimevutwa chini, utafungua injini yote." Bwana Glavu akasogea, akamnong'oneza karibu kabisa, pumzi yake baridi. "Lakini ukiifungua hii, unamfungua na yeye. Kila unachokitoa hapa, kule kinatoka. Na kila usichokirudisha, hakirudi. Mkono wako ni mwepesi, Sikio? Wewe unayebakizaga nati?"

Akacheka, mwanangu. Mzee alicheka mpaka akatoa leso.

Sikio akaweka spana kwenye nati ya kwanza. Akailegeza robo duara. Robo tu.

Simu ikalia mfukoni.

Alikuwa jirani, anahema. "Shemeji, rudi, mama pacha anapiga kelele, kucha zinamtoka. Zinajifungua zenyewe, shemeji, zinazunguka..."

Sikio akaikaza ile nati. Akaikaza akilia, kamasi zinadondokea injini. Kisha akachukua tambara akazifuta kamasi, asije akampaka mkewe uchafu.

"Umeona?" Bwana Glavu akasema. "Umeshaanza kazi."

Tangu siku ile Sikio haonekani gereji. Ukitaka kumwona amka alfajiri, utamkuta anaelekea kule juu na ndoo. Wako wengine njiani, fundi rangi, fundi umeme, hawasalimiani, kila mtu macho chini. Mafuta anayoyaweka ni yale ghali kabisa. Analifuta gari lile kama anamwogesha mtu, na watu wanasema huwa analiimbia. Ile nati iliyobaki hakuitupa. Amejaribu kutafuta ilitoka wapi, kwa tochi, kwa kioo, bila kufungua kitu, maana kufungua hathubutu. Hajapaona. Na yule mama kila akigeuka kitandani, kokro.

Sasa utauliza, shangazi, haya umeyajuaje, nawe hujawahi kuingia kwenye lile banda? Sikio mwenyewe hasemi na mtu.

Aliyeniambia ni mama pacha. Alikuja hapa hapa, akakaa hapo ulipokaa wewe. Mkono wa kushoto ameuingiza mfukoni asiushangae mtu. Shingoni amefunga uzi, na kwenye uzi ile nati, mumewe kampa aitunze. Sikio alimweleza yote usiku mmoja, na yale ya ndani ya gari hakuhitaji kuelezwa, aliyaona yeye. Nilimshika magoti nikamwambia, vumilia mwenzangu, yule mzee anakohoa damu siku hizi, hafiki mwaka. Akifa utapumzika.

Akaniangalia. Akasema mtoto wa mzee amekwisha kuja kutoka alikokuwa, kukagua urithi. Kijana mchangamfu, hana glavu, hajui lolote kuhusu magari. Amezunguka bandani, akayafunua yote, akasimama kwenye lile la rangi ya maziwa akalipigapiga juu.

"Amelipenda langu," akaniambia. "Anasema atalikata paa, liwe la wazi, apate upepo. Ameshamwita mtu wa msumeno."

Nikamshika ule mkono mzima. Tukakaa. Nje ikagonga saa kumi na moja, na ilikuwa Jumamosi. Mama pacha akanyooka mgongo hapo kwenye kiti, macho mbele. Nikamsikia anakohoa.

Mara ya kwanza.

Mara ya pili.

Ya tatu sikuisubiri. Nilitoka nje nikamwacha peke yake na mlango nikaufunga, Mungu anisamehe, nikausikia unavyofungwa, puu, kama wa gari.