Pigo la Adhabu Kando ya Bwawa

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akajaza maji kwenye karai kubwa na kuliweka katikati ya ua. Karai lilikuwa bwawa. Ndoo iliyolazwa karibu na mlango wa jiko ilikuwa shimo. Mjomba wake, fundi viatu, alikaa kwenye kigoda chake na kiatu cha mtu mapajani, akifundisha huku akishona.

Jina la Chiriku alilipata kwa wanafunzi wenzake kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kati ya vitu vyote duniani alipenda gofu. Mjomba naye aliwahi kuwa kedi kwenye uwanja wa gofu wa mji huo, akiwabebea wachezaji fimbo zao, mpaka mgongo ulipomsumbua akaacha na kushika sindano.

"Haya, mpira umezama," mjomba alisema asubuhi moja. "Vigingi vya bwawa ni vya njano. Unafanya nini?"

"Naongeza pigo moja la adhabu, mjomba!" Chiriku alijibu mbiombio. "Halafu nachagua. Ama narudi nilikopigia mara ya kwanza. Ama natazama pale mpira ulipovukia ukingo wa bwawa. Nahakikisha mahali pale na shimo viko mbele yangu kwenye mstari mmoja, narudi nyuma kadiri ninavyotaka, nadondosha mpira."

"Unadondoshaje?"

Chiriku alisimama wima, akanyoosha mkono usawa wa bega, akauachia mpira. Ukagonga ardhi, ukatulia.

"Safi kabisa, mpwa wangu. Kesho usiniangushe."

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Timu ya watoto ya uwanja ule ilikuwa ikienda kushindana katika mji mwingine, na nafasi moja tu ilibaki. Waliokuwa wakiigombea ni watoto kadhaa, lakini kila mtu alijua kwamba nafasi ile ingekwenda kwa Chiriku au kwa Twiga, mvulana mrefu mwenye shingo ndefu na maneno machache.

Jioni ile mwamuzi aliwakusanya watoto wote na kuwapitisha katika kanuni. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti nzito, asiyependa kurudia jambo. Alipofika kwenye habari za bwawa, Chiriku alimnong'oneza msichana aliyekaa naye, "Haya mimi nayajua kama jina langu." Akaanza kumsimulia jinsi mbwa wa jirani alivyokimbia na mpira wake wa gofu akidhani ni yai. Wakacheka chini kwa chini mpaka mwamuzi akamaliza.

Siku ya kuigombea nafasi ile, Chiriku alicheza kama aliyezaliwa na fimbo mkononi. Kila mpira ulikwenda alikoutuma. Twiga naye hakuwa wa kudharauliwa. Akikosea hapa, anarekebisha pale, polepole, bila kelele. Walipofika shimo la mwisho, walikuwa sawa. Kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na mapigo ya huyu yalikuwa sawasawa na mapigo ya yule.

Safari ya kutoka pa kupigia hadi shimo hilo ilikuwa fupi lakini ya kutisha. Kati ya mchezaji na grini, yaani zile nyasi fupi laini zinazozunguka shimo, palikuwa na bwawa pana lenye matete. Mwamuzi alisimama ng'ambo kando ya grini, na watazamaji nyuma ya kamba. Mjomba alikuwa miongoni mwao, shati lake la sikukuu likiwa limenyooshwa vizuri.

Chiriku akapiga. Mpira ukapaa, ukang'aa juani, kisha... chubwi! Majini.

"Pole," Twiga alisema. Akapiga wake. Chubwi!

"Pole na wewe," Chiriku alisema, na wote wawili wakacheka.

Wakateremka mpaka ukingoni. Matete yaliwaficha wasionekane na watu wa ng'ambo. Twiga alikwenda kutafuta mahali mpira wake ulipovukia ukingo, mgongo wake ukiwa kwa Chiriku. Chiriku akapata mstari wake, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama wima, akanyoosha mkono usawa wa bega na kuudondosha mpira. Ulitua kwenye nyasi nzuri kama zulia. Akavuta pumzi, akapiga.

Safari hii mpira ulivuka bwawa, ukagonga grini, ukabingirika na kusimama hatua mbili tu kutoka shimoni. Makofi yakalipuka ng'ambo. Chiriku akaruka juu, nusura aangukie matete.

"Umeona, Twiga? Umeona ule?"

"Nimesikia makofi," Twiga alijibu. "Ngoja nami nidondoshe."

Akainama. Akaushika mpira usawa wa goti lake, akauachia.

Chiriku akaangua kicheko. "Unaogopa utavunjika? Mbona unautua kama mtoto mchanga?"

"Si ndivyo alivyotuambia jana? Gotini. Zamani ilikuwa begani, siku hizi ni gotini." Twiga alimtazama. "Kwani wewe umedondoshea wapi?"

Kicheko kilimkauka Chiriku mdomoni. Alikumbuka jioni ya jana, mbwa wa jirani, kicheko chini kwa chini, na ile sauti nzito ikiendelea kusema maneno ambayo hakuyasikiliza. Twiga hakungoja jibu. Alikuwa tayari ameuelekea mpira wake. Akapiga, ukavuka, ukatua kwenye grini, lakini mbali na shimo.

Wakaanza kulizunguka bwawa. Kichwani mwa Chiriku kulikuwa na vurugu tupu. Hakuna aliyeona. Mpira ulikuwa mahali pazuri. Pigo moja dogo, na nafasi ingekuwa yake. Tena akisema, wataulizana nani alimfundisha begani, na mjomba yuko pale pale nyuma ya kamba, amevaa shati lake la sikukuu.

"Leo umemeza ulimi?" Twiga aliuliza.

"Nimedondoshea begani," Chiriku akasema ghafla, kabla hajajizuia.

Twiga akasimama. "Mimi sikuona. Nilikupa mgongo."

"Najua."

"Basi mimi siwezi kusema kitu. Wewe ndiye unayejua."

Chiriku alikaza kamba ya mfuko wake wa fimbo. Aliongeza mwendo, kisha akaanza kukimbia kabisa, fimbo zikigongana mgongoni, mpaka akafika mbele ya mwamuzi akihema.

"Nimekosea! Kule nyuma ya matete, Twiga akiwa amenipa mgongo, nimedondosha mpira kutoka begani, halafu nikaupiga!"

Mwamuzi akamtazama kwa makini. "Ungegundua kabla ya kupiga, ungedondosha tena bila adhabu. Lakini umekwisha kupiga. Mpira uliupigia mahali panaporuhusiwa?"

"Ndiyo, mwamuzi. Kosa ni bega tu."

"Basi utaongeza pigo moja. Mpira unabaki pale ulipo." Kisha akauliza, "Nani alikufundisha begani?"

Chiriku akatazama viatu vyake. "Nimekosea tu mwenyewe. Jana sikusikiliza."

"Mimi!" Sauti ilitoka nyuma ya kamba. Mjomba alikuwa amenyoosha mkono juu kama mwanafunzi. "Ni mimi mjomba wake. Wakati wangu ilikuwa begani! Nani aliishusha mpaka gotini wakati mgongo wangu umegoma kuinama?"

Watu wakacheka, na hata mwamuzi akaficha tabasamu. Lakini mchezo ulikuwa haujaisha.

Twiga akausukuma mpira wake kuelekea shimoni. Ukapita pembeni kidogo. Akausukuma tena, ukaingia. Sasa Chiriku, kwa sababu ya adhabu ile, ilimlazimu autie wake kwa pigo moja tu, la sivyo nafasi inakwenda. Hatua mbili zilionekana kama safari ya siku nzima. Akainama, akausukuma. Mpira ukafika mdomoni mwa shimo, ukazunguka ukingo, ukasitasita, ukatumbukia.

"Sawasawa!" watoto walipiga kelele. "Warudie! Warudie!"

Wakarudi kuanza shimo lile lile upya. Twiga alitangulia. Alipiga vizuri, lakini upepo ulikuwa umegeuka, ukaukamata mpira wake juu ya bwawa na kuutupa kwenye matete. Chiriku akaona. Akarudisha fimbo aliyoishika, akachagua inayopeleka mpira mbali zaidi. Akapiga kwa nguvu zote, bila kufumba macho.

Mpira ulipambana na upepo, ukashuka, ukagonga ukingo wa ng'ambo wenyewe, watu wakasema "Aaa!", ukaruka mbele, ukasimama juu ya grini. Twiga alichukua adhabu yake, akadondosha usawa wa goti, akapiga vyema, lakini hakuweza kumfikia tena. Pigo la tatu la Chiriku liliingia shimoni, na uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo. Nafasi ilikuwa yake!

Twiga alikuwa wa kwanza kumpa mkono. "Hongera. Mwakani nakutafuta."

"Njoo tu!" Chiriku alijibu, na wakacheka tena.

Mjomba alipita chini ya kamba, akamkumbatia mpwa wake, kisha akamgeukia mwamuzi. "Naomba unieleze na mengine yaliyobadilika. Nimekuwa nikimfundisha mtoto mambo ya zamani kwa moyo mmoja, bila kuuliza kama bado yako vile. Na hilo ni kosa langu, si lake."

"Kaa hapa tuzungumze," mwamuzi alimwambia. Kisha akamvuta Chiriku karibu. "Na wewe sikiliza, maana jana hukunisikiliza. Mchezo wetu hauna filimbi. Mimi ni mmoja na uwanja ni mkubwa, siwezi kuona kila bega na kila goti. Kila mchezaji hujihesabia makosa yake, na wenzake humwamini. Unajua kwa nini Twiga alikupa mgongo kule kwenye matete? Ni kwa sababu hakuona haja ya kukuchunga. Ungenyamaza, ungemwibia mtu aliyekuamini. Ukifika huko unakokwenda, cheza hivyo hivyo ulivyocheza leo, hata pale ambapo hakuna anayekutazama."