Mbebee Mpaka Kwake

Jambo lenyewe lilianzia mlangoni. Jioni ile Rayyan aliporudi kutoka dukani, aliinama kabla ya kuingia ndani. Aliinama sana, magoti yakakunjika, mkono mmoja ameuinua juu ya kichwa kama mtu aliyeshika kitu kisigonge fremu. Kichwani hakuwa na kitu, hata kofia. Na mlango wa nyumba yao pale Uyole ulikuwa mrefu kiasi kwamba siku fundi alipoupachika, majirani waliuliza kama kuna ngamia anayetarajiwa.

"Mbona unainama?" Amna aliuliza.

"Nimeinama?"

Akacheka kidogo, akaketi, na kiti kikalia. Kilikuwa kiti cha mninga kilichokwisha kuwabeba wajomba wote wa Amna bila kulalamika.

Mke mwingine angeuliza kama mgongo unauma. Amna aliuliza, "Umetoka kwa nani?"

Ndivyo alivyokuwa Amna, tusimpake mafuta. Wivu wake haukupumzika hata sikukuu. Mumewe akinunua sabuni mpya, alitaka kujua nani kamwambia inanukia vizuri. Na kilichouamsha wivu huo kila siku ni kwamba Rayyan alikuwa mtu wa kusaidia. Aliuza mchele wa Ubaruku kwenye kona ya soko, pale njia ya kutoka vibandani inapokutana na barabara kuu, na akina mama wenye matenga walipita mbele yake kutwa nzima. Tenga likijaa, mtu hawezi kujitwika peke yake. Humwambia yeyote aliye karibu, "Nitwishe," wanashika huku na huku, wanainua pamoja mpaka kichwani, basi, kila mtu anakwenda zake. Hawaulizani majina. Na aliyekuwa karibu sikuzote ni Rayyan.

Akina mama wote hao Amna aliwachukia kwa jumla. Tumpe alimchukia kwa jina. Tumpe alikuwa mjane kutoka upande wa Tukuyu, muuza parachichi, kibanda chake kimetazamana na duka la Rayyan. Kila alipofunga biashara, Rayyan alivuka njia akamtwisha tenga lake. Siku moja Amna alimfuata palepale kibandani akamwambia mbele ya watu kwamba kama amemzika wa kwake, asitafute wa wenzake. Tumpe hakujibu. Aliokota parachichi moja lililoanguka, akalifuta kwa kanga, akalirudisha mahali pake, na kutojibu huko kukamchoma Amna kuliko tusi.

"Wanaume wengine hawapo sokoni?" alimuuliza mumewe usiku huo.

"Wapo. Mimi ndiye niliye karibu."

"Kila siku wewe tu!"

"Duka halihami, Amna."

Sasa, wiki moja kabla ya ule mlango, Amna alikwenda kumchukua mumewe dukani mwenyewe, kwa sababu moyo wake haukutulia. Ukungu ulikuwa umeshashuka na muadhini ndiyo kwanza anaanza adhana ya Magharibi. Ukingoni mwa barabara alisimama mwanamke mgeni, miguuni pake tenga pana lililofunikwa kitambaa cheusi. Alikuwa mzuri. Amna alimkagua kuanzia kichwani akitafuta kasoro, akashuka, akapanda tena, hakuiona. Watu walipita mbele ya yule mwanamke kana kwamba pale pana nguzo.

"Kaka, nitwishe," mwanamke akasema.

Rayyan alikwenda. Aliposhika tenga na kuinua, uso ulimbadilika, mishipa ikamtoka shingoni, matete ya tenga yakalia kriii. Ikapita harufu ya udongo uliochimbwa muda huohuo. Mzigo ukakaa juu ya kichwa cha mwanamke, lakini mwanamke hakuondoka. Alisimama akimtazama Amna huku anatabasamu, na mkono wa Rayyan ulikuwa bado umelishika tenga.

Basi Amna akapandwa na hasira.

"Mkono umeganda? Kama unamwonea huruma hivyo, mbebee mpaka kwake! Mchukue, dada! Nimekupa, awe wako, akubebee mpaka achoke!"

Wabeba mizigo waliangua kicheko. Mwanamke hakucheka.

"Nimesikia, dada," alisema taratibu. "Asante."

Akaenda zake. Alipoingia kwenye ukungu alikuwa anatembea wima, kichwa kitupu. Amna aliliona hilo kwa macho yake mawili, lakini alikuwa ameshughulika mno kuukasirikia ule mwendo wa madaha, hata hakujiuliza tenga limekwenda wapi.

Lilikuwa limekuja nyumbani.

Baada ya mlango ikafuata shingo. Rayyan alianza kutembea nayo imezama mabegani, macho chini. Nywele za utosini zikamtoka, zikaacha duara safi, sawasawa na mahali mama wa sokoni anapoweka kata yake ya nguo kabla ya kutwikwa. Hospitali walimpiga picha ya mifupa wakasema yuko salama, apunguze kazi nzito. Hakuweza kulala chali wala kifudifudi, alilala ameketi, ameegemea ukuta, na kila alipogeuza kichwa yalisikika matete, kriii, ndani ya chumba ambacho hakikuwa na tenga wala kikapu. Mashuka yalinuka udongo mbichi. Amna aliyafua, akayaanika, akayapiga pasi, akayatandika, yakanuka tena.

Alfajiri moja Amna aliamka akakuta mahali pa mumewe pako tupu na mlango wa uani uko wazi, akatoka na mtandio begani akamwona Rayyan kwenye ukungu anatembea kuelekea geti na kurudi, kuelekea geti na kurudi, amekunja magoti, mikono yote miwili juu ya kichwa, jasho linamtiririka kwenye baridi ile ya Mbeya inayofanya watu wengine wavae makoti mawili, na midomo yake ikichezacheza, na Amna alipojibanza ukutani akasikia mumewe anauliza kwa sauti ya mtoto aliyechoka, "Bado mbali?" na kabla hajavuta pumzi, kutoka kwenye koo lilelile la mumewe, ikajibu sauti ya mwanamke, tulivu, yenye mapenzi, "Bado kidogo, baba. Si nilipewa wewe?"

Na hata hapo, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kilichomjia Amna si hofu.

"Unaongea na nani?" alinong'ona kwa hasira. "Nani anakuita baba?"

Hofu ilikuja baadaye, lakini ilipokuja ilimketisha chini kwenye saruji.

Alimpigia simu Bibi Mwanakhamisi, dada wa bibi yake, anayekaa Iringa. Huyu alizaliwa katika nyumba ya watu waliotoka pwani zamani, na watu walimfuata kwa mambo wasiyoyasema hadharani. Kesho yake alikuwa Uyole na mfuko wake wa ubani. Hakumpapasa Rayyan wala hakumwuliza habari. Alifukiza, akamsomea, kisha akapiga magoti mbele yake akasema kwa upole, "Mwachie mtoto wa watu. Kwa nini umemwiba?"

"Sikuiba," ile sauti ya mwanamke ikajibu kutoka kwenye midomo ya Rayyan. "Nimepewa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

Bibi aligeuka akamtazama Amna. Amna alitazama kucha zake.

"Ulisema nini?"

"Maneno tu, Bibi. Ya hasira."

"Yaseme."

Akayasema, yote. Bibi alifunga macho.

"Umemtoa mumeo kwa kinywa chako, barabarani, adhana ya Magharibi inalia, na mashahidi wamesimama. Unataka jini afanye nini, akukatalie?" Kisha akashusha sauti, kana kwamba tenga lina masikio. "Huyu shingo yake haiendi mbali. Ikikatika anakuwa wa kule kwa majini moja kwa moja. Mzigo urudi kwa mwenyewe. Utamtwisha wewe, palepale, wakati uleule."

"Nitamtwisha."

"Peke yako huwezi, wala mimi siruhusiwi, ni damu yako. Atafutwe mtu baki. Haoni kitu, halipwi, haelezwi. Anaombwa tu, na anakubali."

"Na wakikataa wote?"

Bibi alichochea makaa.

Walimshika Rayyan huku na huku mpaka kwenye kona ya soko. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani, na ukungu ulikuwa unashuka. Adhana ilipoanza, Rayyan alianguka magoti, na Amna akamwona yule mwanamke. Alisimama mahali palepale, amejipamba, kama mke anayemsubiri mumewe kituoni. Safari hii Amna aliliona na tenga. Lilikuwa limemkalia Rayyan kichwani, pana, jeusi, na chini yake uso wa mumewe ulikuwa umegeuka rangi ya jivu.

Amna akalishika. Lilikuwa baridi. Akavuta, halikusogea hata unywele.

"Jamani!" akaita. "Naomba mtu anitwishe!"

Watu waligeuka wakamwona mwanamke amekumbatia hewa juu ya kichwa cha mumewe.

"Mama mchele leo vipi?" mbeba mizigo mmoja akacheka. Mwingine akatoa simu akaanza kurekodi. Mzee aliyekuwa anawahi msikitini alisema pole, binti, huku anaongeza mwendo. Mama mmoja aliyewahi kutwishwa na Rayyan mara nyingi alimvuta mwanawe karibu akapita upande wa pili.

"Nitwisheni, nawaomba! Anakufa!"

"Waangalie," mwanamke akamwambia Amna, kwa sauti ya chini, bila ubaya. "Siku ile nilisimama hapa tangu mchana. Nilimwambia kila mtu. Mumeo peke yake ndiye aliyesimama. Na wewe ukaona hiyo ni kasoro."

Amna aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumchoma masikio. Na katikati ya aibu hiyo akasikia ndara zikivuka njia.

"Mzigo uko wapi?" Tumpe akauliza.

Amna hakuweza kumtazama. "Hapa."

"Mimi sioni."

"Najua."

"Mzito?"

"Mzito sana, Tumpe. Mimi… siku ile nilikutukana."

"Ulinitukana, ndiyo." Tumpe alikuwa ameshaanza kujifunga kanga kiunoni. "Ila sasa umeomba kutwishwa, nisimame nikuangalie? Nishike wapi?"

Amna akamwonyesha kwa kidevu. Tumpe akapeleka mikono yake hewani, watu wakacheka, na mikono ile ikashuka ghafla, viwiko vikatetemeka, kicheko cha watu kikakatika.

"Mwe!" Tumpe akapumua. "Umeweka nini humu, dada?"

"Usiulize. Nakuomba usiulize."

"Haya. Pamoja. Inua!"

Matete yalilia. Harufu ya udongo ilijaa puani, kooni, Amna akahisi vidole vinamchanika, na upande wa pili wa tenga aliona uso wa mwanamke aliyemchukia muda wote huo, meno yamekaza, jasho kwenye paji, unamtazama yeye tu, ukimwambia kwa macho usiachie, usiachie, na wakaenda hivyo, kiatu kwa kiatu, mpaka ukingoni mwa barabara, wakaliinua kwa mara ya mwisho, wakalikalisha juu ya kichwa cha yule aliyekuwa anasubiri. Nyuma yao shingo ya Rayyan ililia kama kuni kavu, na akavuta pumzi ndefu.

Mwanamke alilisawazisha tenga kwa ncha za vidole. Akaanza kuvuka barabara kati ya malori, na Tumpe, ambaye hakumwona, alibaki anapuliza viganja vyake vilivyochubuka.

Bibi Mwanakhamisi alimsimamisha Rayyan. Alinyooka. Aliangalia mbingu, aliangalia duka lake, akapapasa shingo yake huku machozi yanamtoka. Amna alifungua mikono. Lakini macho ya Rayyan yalikuwa yameangukia kwenye vile viganja vyenye damu.

"Ndaga fijo, Tumpe," akasema kwa sauti laini. "Ndaga fijo."

Kinyakyusa. Alikuwa anamshukuru kwa lugha yake. Miaka yote ya ndoa Amna hakuwahi kumsikia mumewe akitamka hata neno moja la Kinyakyusa. Amejifunza lini? Nani alimfundisha, na walikuwa wamekaa wapi? Moto ukampanda Amna kutoka tumboni, ukafika kifuani, ukafika kooni, na maneno yakajipanga yenyewe kwenye ulimi, makali, matamu, yako tayari kabisa.

Ng'ambo ya barabara, mwenye tenga akasimama. Hakugeuka. Aliinamisha tu kichwa upande mmoja, sikio likaelekea kwao.

Amna akauma ulimi mpaka akaonja chumvi ya damu.

"Twende nyumbani, Tumpe," akasema, na kila neno alilisukuma kama anasukuma gari bovu. "Nikufunge mikono hiyo. Ule na wali."

Mwenye tenga alisubiri kidogo, ahakikishe kwamba hakuna kilichosahauliwa. Halafu akaendelea na safari yake kwenye ukungu, polepole, kwa mwendo wa mtu anayejua ataitwa.