Kisu cha Mpini wa Pembe

Rafiki yangu Lutengano, bwana shamba kijana aliyehamishiwa Sumbawanga miaka ya vijiji vya ujamaa, alitaka kisu cha kukunja cha kudumu. Katika kibanda chenye giza sokoni, mzee Modesti, muuza visu, alimpa kimoja cha mpini wa pembe. Lutengano alipokifungua kikalia ko, kama goti linaloteguka, na kikatoa uvundo wa mafuta.

“Kinanuka, mzee.”

“Kisu kisichonuka hakijafanya kazi, mwanangu.”

Kama wanunuzi wote, akajaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake. Kilikwangua vizuri. Akatoka nacho kwenye mwanga.

Vinyweleo vyake vyote vilikuwepo. Kwenye makali zilinata mvi ndefu, na kipande cha ngozi ya kichwa, laini, bado cha moto.