Ua la Nyuma ya Zahanati

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, nilikuwa na kazi moja: kupanda kilima cha mawe mekundu na kutazama kama msufi-mwitu umechanua. Bibi Dulcie alinipa kazi hiyo wiki moja kabla ya Siku ya Majira, sherehe ambayo sisi Waaborijini wa kijiji hiki cha kaskazini mwa Australia huifanya kila mwaka. Siku hiyo tunacheza ngoma, na watoto hubandika alama za majira kwenye ubao mkubwa mbele ya ukumbi. Ua la njano la msufi likifunguka, maji ya bwawa yamepungua, mamba wamehama na kobe wamenona, na bibi zetu huenda kuwachimba matopeni kwa nondo.

Siku nne za kwanza nilipanda. Niliona vitumba tu. Siku ya tano Tarnia, binti wa Mama mdogo Noreen, alinikuta njiani akiwa na mpira kwapani.

"Wee Delvina, unaenda kuyaamkia maua tena? Njoo tucheze bwana! Au unaogopa kufungwa?"

Nikacheza. Kesho yake nikacheza tena. Alhamisi nikashtuka: sherehe ni Jumamosi, nami sina la kusema. Nyuma ya zahanati, pale kiyoyozi kinapopuliza hewa ya moto kutwa kucha, palikuwa na msufi mmoja uliochanua. Nikachuma ua, nikampelekea Bibi.

"Limetoka kilimani?"

"Ndiyo, Bibi."

Alicheka hadi mapengo yakaonekana. Papo hapo akampigia simu Mama mdogo Noreen. "Andaa gari, mwanangu. Kesho tunaingia bwawani. Jumamosi watu watakula kobe mpaka wajirambe vidole!"

Ijumaa asubuhi Bibi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, sketi ameikaza kiunoni, nondo mapajani.

"Mama, una hakika?" Mama mdogo aliuliza. "Juzi nilipita kule, maji niliyaona bado mengi."

"Kama maji yangekuwa mengi na mamba bado wamo, ua lisingefunguka. Mjukuu wangu ameliona kwa macho yake. Washa gari, twende."

Gari likanguruma. Nilimtazama Bibi na magoti yake mabovu, nikamwona akilini amesimama ndani ya maji yale, hawezi kukimbia. Nikaudaka mlango.

"Bibi, shuka! Sikupanda kilima. Ua nimelichuma nyuma ya zahanati."

Mama mdogo akazima gari. "Pale kwenye kiyoyozi? Kumbe leo tungekuwa kitoweo cha mamba kwa ajili ya kiyoyozi!" Alicheka, lakini Bibi hakucheka. Mimi nililia kwa aibu, na Tarnia, aliyekuwa amesimama kando ya gari, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Bibi akashuka taratibu, akanishika bega.

"Msufi ule umedanganywa na joto, hauna kosa. Wewe hukudanganywa na mtu. Sisi tunaingia majini kwa neno la aliyetazama, Delvina. Ukisema umeona, uwe umeona. Kama hujaona, sema hujaona. Hilo nalo linatusaidia."

Jumamosi, mahali pa ua kwenye ubao palikuwa patupu. Wageni walipouliza, nilishika kipaza sauti nikasema, "Bado. Nimepanda leo asubuhi, vitumba vimefumba." Tulikula samaki na mkate uliookwa majivuni, tukacheza ngoma mpaka miguu ikajaa vumbi. Hakuna aliyenung'unika, isipokuwa Tarnia, aliyekuwa ameshaota anakula kobe. Mimi nilikuwa na furaha, tena nilikula mara mbili.

Siku tisa baadaye niliteremka kilima mbio, ua mkononi. Bibi alikuwa anakunywa chai. Alilitazama, akaweka kikombe chini, akachukua nondo yake. Hakuniuliza limetoka wapi.